Vyungu vya Paka na Jalidi ya Bustani ya Juu

Magoti yangu yameamua kabla yangu. Nimepanda njia ya Bustani ya Juu tangu zamani, reli ilipokuwa bado haijafika Morogoro, na mwaka huu magoti yamesema basi, tafuta mwingine. Nimekabidhi jembe, mundu na ndoo ya kumwagilia, nikabaki na kofia kwa sababu hiyo ni yangu mwenyewe. Ninyi mnaobaki mmenishikilia mkisema, "Mzee Klementi, tuandikie mambo ya baridi kabla hujayasahau." Sijasahau kitu. Lakini juzi nimewaona mkitandaza nyasi mbichi juu ya kabichi, nikakosa usingizi, kwa hiyo naandika.

Sitawaambia nililipwa nini wala nilifanywaje mnyapara. Mambo hayo hayajawahi kuzuia baridi. Nitawaambia siku ya kwanza ilikuwaje, nani alinifundisha, na jinsi tulivyoiokoa mbegu ya viazi mwaka ule ambao mlima mzima uliitegemea. Hilo najivunia, na sitanung'unika mtu akisema mzee anajisifu. Anayeona najisifu aje alale nje mwezi wa Julai, halafu tuzungumze.

Siku ya kwanza nilikuja na jembe la mama yangu begani. Nilijua kulima tangu sijaota meno ya pili, nikadhani nitaonyeshwa shamba tu nianze. Aliyekuwa akiisimamia bustani ni Mdachi mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Mwavuli, kwa kuwa hakuachana na mwavuli wake hata kiangazi. Kiswahili chake alijifunza kwa mpishi wake wa pwani, kwa hiyo alisema kwa adabu nyingi kama mshenga. Akaniambia, "Tafadhali, weka jembe chini. Keti hapa, uniambie baridi inapita wapi." Nikamwangalia. Nikadhani ana homa.

Jioni ile akawasha nyasi zenye unyevu pale juu ya mteremko, moshi ukatoka mzito. Badala ya kupaa, ukateleza chini polepole, ukapita kati ya matuta, ukaenda kujikusanya kwenye kibonde kilicho upande wa kijito. "Umeona?" akasema. "Baridi nayo ni hivyo hivyo. Ni maji yasiyoonekana." Tangu siku hiyo sikupanda kitu kipya mahali popote kabla ya kufukiza moshi na kuutazama unakokwenda. Ninyi mnacheka nikifanya hivyo. Chekeni, lakini fanyeni.

Watu wa mjini hawaamini kwamba kwetu kuna jalidi. Mtu wa Mwembesongo ukimwambia kwamba umande umeganda juu ya kabichi ukawa mweupe kama chumvi, anakuuliza jana ulikunywa nini. Yeye kipupwe kwake ni kujifunika shuka ya pili. Kwetu juu, ikija miaka mibaya, maji ya ndoo huvaa ngozi asubuhi, na jani la kiazi lililopigwa likiguswa na jua hugeuka jeusi na kunyong'onyea kama limemwagiwa maji ya moto. Wazee walisema Kolelo, mzimu wa mlima, amekasirika. Bwana Mwavuli alisema ni mbingu tupu. Mimi nilisikiliza pande zote mbili, kisha nikaenda kukata nyasi.

Nyasi hukatwa masika yanapokwisha, jua likiwepo. Unazianika, unazigeuza, unazifunga matita, unazipandisha darini. Zikilala chini zinaoza, na nyasi zilizooza hazimfuniki mtu wala kiazi. Siku zote za ukungu lala kwa amani, maana ukungu wetu ni kama mama, hufunika watoto wote bila kuchagua. Lakini siku ukungu unapoondoka alasiri, mbingu ikabaki safi, upepo ukatulia, na vyura wa kijitoni wakanyamaza, inuka. Funika matuta jua likiwa bado lipo, ili ufunike pamoja na joto la udongo. Ukingoja mpaka meno yagongane, utakuwa umeifungia baridi humo humo ndani.

Na asubuhi msikimbilie kufunua. Hapa ndipo vijana wote hukosea, kwa huruma. Ngoja jua lipande, hewa ipate joto. Na kama kuna jani lililoganda limebaki wazi, linyunyizie maji ya kijito kabla jua halijaligusa, lilegee taratibu. Hilo nalo alinifundisha Bwana Mwavuli, kwa kuwa kwao baridi ni ya miezi mingi na babu yake alikuwa mkulima wa kabichi. Alikuwa mtu mkali wa kazi, lakini alichokijua alikigawa.

Sasa paka. Najua wengine wenu mnaona paka wa bustani ni mapambo. Panya wa mlimani wakisikia baridi huacha msitu wakaja kwenye matuta, kwa sababu udongo uliolimwa ni laini na chini yake kuna chakula. Tena ukishafunika tuta kwa nyasi kavu, umewajengea nyumba ya wageni. Panya mmoja aliyeingia chini ya nyasi hufanya kazi ambayo jalidi ingeifanya, naye haondoki jua likitoka. Ndiyo maana Bwana Mwavuli aliomba paka watatu kwa mapadri wa misheni. Mmoja alikuwa na milia miguuni kama alama za cheo, na alizunguka akikagua wenzake bila kufanya lolote. Tukamwita Shaushi, yaani sajini.

Kipupwe cha kwanza, wote watatu walitoroka. Nani angewalaumu? Mimi mwenyewe nilikuwa nimejibanza mekoni. Nikamkuta Shaushi kwenye kijiji cha chini, amelala juu ya majivu ya mama mmoja, sharubu zimeungua upande, tumbo limejaa ugali. Nikambeba juu. Kesho yake akashuka tena. Hapo nikaelewa kwamba paka wa nje huwezi kumwamuru. Lazima umpe sababu ya kubaki.

Nikampa blanketi langu la zamani ndani ya sanduku la mbao. Asubuhi blanketi lilikuwa limekunywa umande mpaka limekuwa zito kama samadi mbichi, na Shaushi amekaa nje ya sanduku ananitazama kama mkwe aliyepewa kiti kibovu. Bwana Mwavuli akasema kwao paka wa shambani hulala ndani ya majani makavu ya ngano, hawapewi kitambaa kamwe. Ngano hatukuwa nayo, lakini migomba tunayo. Kilichobaki ni nyumba isiyopenyeza upepo, na hapo nikamkumbuka Bi Mkunde.

Bi Mkunde alikuwa mfinyanzi wa mgongo wa pili wa mlima, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Kwa atakayesoma haya naye si wa huku, nieleze kidogo. Mtani wako anaweza kukutukana mchana kweupe, akakuchukulia kuku wako uani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini siku ukifiwa, wewe unaketi na kulia, na yeye ndiye anayechimba kaburi, anayepika, na anayewachekesha waombolezaji wasije wakazimia. Basi nikaenda kwake, nikamkuta amejipaka udongo mpaka viwikoni.

"Shikamoo, Bi Mkunde."

"Marahaba. Nani amekufa kwenu?"

"Hajafa mtu. Natafuta vyungu vilivyopasuka."

"Vya kupikia? Tangu lini ukoo wenu mnapika?"

"Vya kulaza paka."

Akaacha kufinyanga. Akaita jirani zake wote. "Njooni mwone! Watu hawa wenyewe wanalala kwenye vibanda vinavyovuja, na huyu anajengea paka!" Walicheka mpaka nikataka kuondoka. Kisha akanichagulia vyungu vitatu vikubwa vya pombe, kila kimoja kina ufa mahali pasipo na hatari, akanifundisha jambo ambalo nisingelijua peke yangu. Chungu kilichokaa bure huvuta unyevu, akasema. Kikaushe kwanza karibu na moto, kiache kipoe kabisa, ndipo utie majani.

Hivyo ndivyo tunavyofanya hadi leo. Chungu kinalazwa ubavu juu ya mawe, kisiguse ardhi. Mdomo unatazama chini ya mteremko, maana baridi inatoka juu. Ndani unajaza majani makavu ya mgomba, yaliyochanwa, mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Paka atajichimbia mwenyewe. Mdomo unazibwa kwa mkeka wa nyasi, unaacha tundu la kupita paka mmoja, asije mbweha akabisha hodi. Uji wa moto mtilie jioni, maji mbadilishie asubuhi. Na asiwepo mtu wa kutia makaa ndani kwa huruma. Shaushi alilala humo siku ya kwanza, akatoka na panya mdomoni, akamweka mbele ya mguu wangu. Tangu hapo sikusikia tena kwamba ameonekana kijijini.

Miaka ikaenda. Bustani ikatoa kabichi, karoti, miche ya kahawa, na zaidi ya yote viazi ulaya, ambavyo mwanzoni watu wetu walivikataa wakisema ni chakula cha wagonjwa. Taratibu wakavizoea. Paka walizaliana, vyungu vikaongezeka, na kila mwaka nilimwendea Bi Mkunde nikatukanwa na kupewa vingine. Nilianza kuyapenda matusi yale.

Kisha ukaja mwaka mgumu. Nzige walipita, wakala mahindi, wakala maharage, wakala hata majani ya migomba. Nyumba nyingi za upande wetu zilipika viazi vya mbegu kwa sababu watoto walikuwa wanalia, na hakuna mzazi wa kumlaumu. Mwisho wake mbegu yote iliyosalia ikawa ile iliyokuwa ardhini kwetu, Bustani ya Juu. Bwana Mwavuli akawaita watu, akaahidi kwamba viazi vikikomaa kila nyumba itapata kikapu cha mbegu, na mimi ndiye niliyeyageuza maneno yake kwa Kiluguru. Ahadi ilitoka kinywani mwangu, watu wakanitazama mimi, kwa hiyo niliiona ni yangu.

Miongoni mwao alikuwepo mjomba wangu Kobelo, kaka wa mama yangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mzizi wake. Alikuwa mzee, kifua kibovu, lakini alipanda mara kwa mara mpaka kwenye uzio kuchungulia. "Wajukuu zangu hawajambo?" angeniuliza, akimaanisha viazi. Nami ningejibu hawajambo, wanakusalimu. Akashuka anacheka na kukohoa.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali kuliko vyote nilivyoviona. Siku moja asubuhi ukungu ulitoweka mapema, mbingu ikawa tupu kama sahani iliyorambwa. Bwana Mwavuli alikuwa ameitwa bomani Morogoro, na alitazamiwa kurudi jioni. Nikawagawa watu kazi, tukaanza kufunika kutoka matuta ya juu, yaliyo karibu na dari la nyasi. Hatujafika hata nusu, mdogo wangu akaja mbio kutoka kijijini. Baridi ilikuwa imekishinda kifua cha mjomba. Amefariki alfajiri, na maziko ni alasiri.

Wafanyakazi wangu wote walikuwa wa kijiji kile. Ndugu, mashemeji, wapwa. Hakuna ambaye angeweza kubaki akaendelea kutandaza nyasi huku Mzee Kobelo anazikwa. Na mimi zaidi ya wote. Mpwa asiyekuwepo mjomba wake akiingia kaburini, afadhali auhame mlima. Nikatazama kibonde cha kijito, pale pale moshi ulipojikusanya siku yangu ya kwanza. Matuta mengi ya mbegu yalikuwa kule, wazi kabisa, na nyasi kavu darini zilikuwa zimekwisha. Nikaweka mundu chini, nikashuka pamoja na wenzangu. Njia nzima nililia, na sijui ni machozi yapi yalikuwa ya mjomba na yapi ya viazi.

Watani walikuwa wamekwisha kufika. Walichimba kaburi huku wakilalamika kwamba marehemu alikuwa mrefu bila sababu. Bi Mkunde akaketi ukingoni, miguu inaning'inia, akakataa kupisha. "Kobelo, inuka! Umekufa kwa uvivu tu, umeona mwaka huu kuna kulima!" Watu wakacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikapungua uzito. Kisha akaniona.

"Na huyu mfiwa, mbona anatazama juu kama kifaranga aliyeona mwewe? Una nini wewe?"

"Mbingu, Bi Mkunde. Leo itaganda. Kibonde chote kiko wazi na watu wangu wote wako hapa."

"Mbegu ya watu?"

"Mbegu ya watu. Yenu pia."

Akainuka, akajipangusa udongo. Akapaza sauti mbele ya umati wote, kama desturi inavyotaka. "Sikilizeni! Kuanzia sasa bustani ya huyu tumeiteka. Vyote vilivyomo ni vyetu, na paka zake ni mateka wetu. Naye asithubutu kukanyaga huko mpaka kesho!" Watu wakashangilia. Akawaacha baadhi ya ndugu zake wamalizie kaburi, akawachukua waliobaki, wake kwa waume, wakashika njia ya kupanda. Nikasimama kando ya mjomba wangu nikiangalia migongo yao ikipotea kwenye kona. Nilikuwa nimewakabidhi ahadi yangu, na sikuwa na namna nyingine.

Tulikesha matanga. Alfajiri mama akaniambia, "Nenda, mwanangu. Mjomba wako umeshamzika. Nenda ukawaangalie wajukuu zake." Nikapanda. Nyasi za kando ya njia zilikuwa nyeupe, zinavunjika chini ya miguu. Kitu cha kwanza nilichokiona bustanini ni banda la punda wa serikali bila paa, na punda amesimama ndani anatazama mbingu kwa mshangao mkubwa.

Bwana Mwavuli alikuwa amerudi jioni, giza likiingia, pamoja na askari wawili. Alikuta watu asiowajua juu ya banda lake, wanang'oa nyasi za mwisho za paa, na wengine wanahamisha vyungu vya paka. Akauliza ninyi ni nani na mnafanya nini. Na Bi Mkunde, ambaye hajui kusema uongo, alimjibu kama mtani anavyopaswa kujibu. Alisema, "Tunamwibia Klementi."

Basi nikawakuta wamefungwa kamba, wameketi wamejipanga ukutani, wanaimba wimbo wa kuusimanga ukoo wetu. Wanaume walikwisha kuahidiwa viboko hamsa ishirini bomani, na walikuwa wangali wanaimba. Mbaya zaidi, askari walikuwa wameamriwa kurudisha mali ya serikali mahali pake kukicha, nao walikuwa kibondeni wakifunua matuta, huku jua limekwisha kugusa kilele.

"Bwana!" nikapiga kelele kabla ya kusalimu. "Wasifunue!"

Akageuka. "Klementi, watu hawa ni wezi. Wamekiri wenyewe."

"Shika jani kwanza, Bwana. Shika jani."

Akainama, akashika jani la tuta lililofunuliwa. Likavunjika mkononi mwake kama gamba la yai. Nikamwona akiutazama weupe wa kibonde kizima, kisha nyasi za paa la punda wake zilivyotandazwa juu ya matuta, nene, nadhifu, kila ukingo umebanwa kwa jiwe. Sikuhitaji kumweleza, mambo ya jalidi aliyajua kabla yangu. Akawafokea askari kwa Kidachi wakatupa nyasi chini, kisha akafoka kwa Kiswahili: "Maji! Maji kabla ya jua!"

"Tuko wachache, Bwana," nikasema. "Nifungulie wezi wangu."

Alisita. Naelewa kwa nini alisita. Neno lake mbele ya askari ni neno. Lakini jua lilikuwa linateremka mlimani tuta kwa tuta, na sote wawili tuliliona. Akautupa mwavuli, akapiga magoti kwenye umande, akafungua fundo la kwanza kwa mikono yake mwenyewe.

Watani wakakimbia, si kwenda kwao bali kijitoni. Tuliteka maji kwa ndoo, kwa vyungu, kwa kofia yangu. Bi Mkunde alinyunyiza kwa kiganja kama padri, huku akinitukana kwamba hata kufiwa sijui. Askari nao wakateka. Jua lilipofika kibondeni, kila jani lililokuwa wazi lilikuwa linadondoka maji. Matuta yaliyofunuliwa yaliungua ncha tu. Na tulipokuja kufunua yaliyobaki, hewa ikiwa imepata joto, chini ya paa la punda viazi vilikuwa vimesimama, vibichi, vinang'aa. Sijawahi kuona rangi ya kijani nzuri kama ile.

Vyungu vya paka walikuwa wamevishusha mpaka kwenye kingo za kibonde, midomo inatazama matuta. Bi Mkunde aliwaza kama panya: joto liko wapi, basi adui yuko hapo. Majani ya ndani walikuwa wameyabadilisha. Mbele ya chungu cha Shaushi, mzee sasa na jino moja limeng'oka, ilikuwepo mikia tu. Nikainama kumshika, Bi Mkunde akanipiga mkono. "Mateka huyo! Mpaka ulipe."

Bwana Mwavuli akauliza sasa nimweleze, watu hawa ni nani.

"Ni watani wangu, Bwana. Wana haki ya kuniibia."

"Banda si lako. Ni la serikali."

"Hapo wamekosea," nikakubali. "Walidhani punda ni wangu."

"Wanafanana," akasema Bi Mkunde.

Askari mmoja, Mzigua, akaangua kicheko akashindwa kujizuia. Akapiga saluti. "Kweli, Bwana, hii ni desturi. Hata sisi tunayo." Bwana Mwavuli akafikiri kidogo, kisha akauliza fidia ya paka ni nini. Jogoo, akaambiwa. Akaenda bandani kwake mwenyewe, akarudi na jogoo mwekundu, akampa Bi Mkunde kwa mikono miwili. Akauliza kama sasa naye anaweza kuwa mtani.

"Wewe bado," akajibu Bi Mkunde. "Njoo utuzikie mtu kwanza. Unamwona Klementi? Jana tumemchimbia kaburi la mjomba wake, ndipo tukaja huku."

Bwana Mwavuli akanitazama. Nadhani ndipo alipouona udongo kwenye nguo zangu. Akavua kofia, akasimama hivyo, jua likimpiga kichwani, na mwavuli wake ukiwa chini kwenye matope. Habari ya hamsa ishirini haikutajwa tena. Paa la punda tulilijenga upya wiki ile ile, watani wakituelekeza kutoka kivulini.

Viazi vikakomaa. Siku ya kugawa, watu walipanda kutoka kila mgongo wa mlima, nami nikasimama getini nikawapa kwa mkono wangu, nyumba kwa nyumba, mpaka hakuna aliyeondoka na kikapu kitupu. Viazi vyote mnavyoviona leo upande wetu wa Uluguru, na vile wanavyouza akina mama sokoni Morogoro, ni wajukuu wa kibonde kile. Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini kama ningefanya hiyo moja tu, bado ningetembea nimeinua kichwa.

Kikapu changu mimi nilikipeleka kwenye shamba la mjomba, kwa sababu kwetu mpwa ndiye mrithi. Msimu wa kwanza nilipanda nikarudi kazini, na wa pili vivyo hivyo. Nyumba yake ilibaki imefungwa, maana sikuwa na moyo wa kuingia. Mwezi uliopita, baada ya kukabidhi jembe, niliufungua mlango, nikafagia, nikachimba kikapu cha viazi nyuma ya nyumba. Sikumwalika mtu. Lakini watani hawaalikwi. Kabla maji hayajachemka, Bi Mkunde alikuwa ameshaketi kwenye kigoda cha mjomba, ananikosoa jinsi ninavyomenya.

Akala kimoja. "Vidogo," akasema, "kama akili za ukoo wenu." Kisha akanisogezea sahani nimwongeze. Nikacheka, halafu nikalia, kilio ambacho siku ya maziko sikupata nafasi yake, na yeye akaniacha nilie mpaka mwisho. Nilipomaliza nikapuliza moto, nikaongeza kuni, na moshi ukapita kwenye paa la Mjomba Kobelo kwa mara ya kwanza tangu tumzike.